Aliyekiosha Chungu cha Chumvi

Jioni ile nilirudi stoo kubadilisha maji tu. Ni kazi ya dakika ishirini: unasoma namba, unaandika, unamwaga maji ya jana, unamimina mapya, unafunga mlango, unawahi bodaboda ya Mukuju kabla giza halijaingia. Kwa chungu kile kimoja nilikuwa nimeshaifanya mara kumi na nane. Sikuwa na sababu ya kuogopa chochote, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Getini, mlinzi wetu Ofwono alikuwa akila muhogo. Hakuinua hata kichwa.

"Mwenzako bado iko ndani," akasema.

"Mwenzangu nani?"

"Ile mama. Yeye nakuja kila jioni, mikono maji-maji mpaka hapa." Akajigusa kiwiko. "Mi nilifikiri nyinyi nafanya kazi pamoja."

Hatukuwa na mama yeyote. Katika stoo ile ya vyungu, pale Tororo, tulikuwa wawili tu, mimi na bosi wangu Laban, na Laban alikuwa Busia upande wa Kenya tangu Jumatatu akipanga ukumbi wa maonyesho. Nikamwambia Ofwono apunguze kunywa waragi. Nikatoa ufunguo wangu, nikafungua kufuli. Lilikuwa limefungwa kwa nje, kama nilivyoliacha.

Ndani hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na harufu... Matete yaliyochomwa. Jivu la moto uliomwagiwa maji. Na sakafuni, kutoka kwenye beseni nilimoloweka chungu hadi ukutani, kulikuwa na mstari wa matone. Ukutani ukaishia. Nikajiambia bomba linavuja, ingawa bomba letu liko upande wa pili. Nikatumbukiza kipimo kwenye beseni.

Jana jioni namba ilikuwa tisini na sita.

Leo ilikuwa mia tatu na arobaini.

Naona ni lazima nieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani tunafuta vumbi tu. Chungu kikikaa ardhini miaka mingi kinafyonza chumvi. Ukikichimbua ukakikausha hivyo hivyo, chumvi ile inasukuma kutoka nje, inaota manyoya meupe, inaubambua uso wa chungu mpaka unabaki na vumbi mkononi. Kwa hiyo unakiloweka kwenye maji safi kabisa, yale yaliyokenekwa ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri. Chumvi inatoka taratibu ndani ya maji. Huioni. Unaipima kwa kimashine kidogo chenye kioo kinachowaka: namba kubwa, chumvi nyingi. Maji mapya husoma mbili. Kesho yake jioni unasoma tena, unamwaga, unaweka mengine. Kila maji hutoa chumvi kidogo kuliko yaliyotangulia, namba zinashuka siku baada ya siku, na zikikaa chini ya mia siku tatu mfululizo, umemaliza.

Namba hazirudi juu. Chumvi iliyomwagwa haina njia ya kurudi ndani ya chungu.

Chungu chenyewe kilitoka Tiira. Wachimba dhahabu walikikuta chini kabisa ya shimo lao, wakakivunja shingo kwa sururu, wakamuuzia Laban. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kipana, na kitakoni kilikuwa na matundu mengi madogo. Laban alikizunguka siku nzima akipiga picha. "Provia, hiki ndicho watu watakuja kuona," akaniambia. "Ukikimaliza kabla ya maonyesho, stoo ni yako. Mimi nitabaki kule Busia, wewe ndiye bosi wa Tororo. Na kadi ya chungu itabeba jina lako, si langu."

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha picha ya chungu kile alikuwa mama mkwe wangu, na nilimwonyesha kwa kujisifu. Mume wangu Okwi anaendesha lori la Juba, kwa hiyo nyumbani Mukuju tulikuwa wanawake watatu: mimi, Mama Akongo, na binti yangu Acom, wa miezi minane. Mimi na Mama Akongo hatukupendana. Aliniona najua sana, nami nilimwona hajui kitu. Lakini nilipokuwa kazini yeye ndiye aliyekaa na mtoto, na mtoto alimpenda. Tangu Acom aanze kubwabwaja nilikuwa nikimfundisha amwite "Tata", ndivyo sisi Wateso tunavyomwita bibi.

Mama Akongo aliitazama simu kwa muda mrefu.

"Hii umetoa wapi?"

"Tiira."

"Hii ya abalang." Abalang ni chumvi yetu ya zamani, ya jivu. Walichoma matete, wakaweka jivu kwenye chungu cha matundu, wakamimina maji juu, yakachuruzika kwenye chungu cha chini yakiwa na chumvi. "Mama yangu alikuwa nayo. Hiyo hakuna kuosha, Mama Acom. Mtu akimaliza kuchuja, yeye nachukua chumvi konzi moja, narudisha ndani. Kila siku. Hiyo ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Ile mama ya kwanza kuchuja ndani."

"Na usiporudisha?"

"Hiyo mama natafuta yenyewe."

Nikacheka. Nikamwambia, Mama, mimi nimesomea hii kitu miaka mitatu. Akanirudishia simu yangu, akaenda kuchambua mboga.

Sasa nafika mahali ambapo natamani mtu angenipiga kofi.

Mwezi ule ugonjwa wa kuhara uliingia Mukuju. Maji ya kisima yalibadilika rangi. Acom naye akapatwa. Zahanati walitupa pakiti za unga wa chumvi na sukari, wakasema tukoroge kwenye maji tumnyweshe kila anapoharisha. Nilizibeba pakiti zile nyumbani, nikakaa nazo mkononi, nikasoma lile neno chumvi. Miaka miwili nilikuwa nimeitazama chumvi ikila vyungu vya watu. Nilikuwa nimezoea kuichukia. Nikazitupa chooni.

Halafu nikaenda stoo, nikajaza mtungi wa lita tano maji yetu yaliyokenekwa, nikampelekea mwanangu. Maji yanayosoma mbili! Katika wilaya nzima ya Tororo nani alikuwa akimnywesha mtoto wake maji safi namna hiyo? Nilimnywesha kwa chupa, asubuhi kabla sijaondoka, jioni, usiku. Nikampikia na uji mwepesi kwa maji hayo hayo. Nilijisikia mama hodari.

"Mtoto anaharisha," Mama Akongo akasema. "Weka chumvi kidogo kwa uji."

"Chumvi inaharibu figo za mtoto."

"Nani alisema?"

"Kitabu."

 Alikuwa amelea watoto sita, na mimi nilimnyamazisha kwa kitabu ambacho hakikusema hivyo.

Hiyo ndiyo wiki ambayo namba zilianza kupanda. Jumatano, ile jioni niliyoanza nayo, mia tatu na arobaini. Nikamwaga yote, nikasugua beseni, nikamimina mapya, nikapima: mbili. Alhamisi jioni, mia sita na kumi. Nyumbani Acom alikuwa amelala tangu asubuhi. Nikasema ni uchovu wa ugonjwa. Ijumaa jioni, elfu moja na mia moja. Chungu cha ukubwa ule hakina hata nafasi ya kubeba chumvi kiasi hicho. Pembeni ya beseni chumvi ilikuwa imeganda nyeupe, na kwenye ule weupe palikuwa na alama za vidole.

Si vidole vyangu. Vilikuwa virefu...

Nikampigia Laban.

"Umechanganya na maji ya bomba, si useme tu," akasema.

"Nimepima. Yalikuwa mbili."

"Basi mashine imeharibika. Provia, usinifanyie hivyo, wageni wanakuja Jumatatu. Nipe namba nzuri."

Sikumpa. Nilikiacha kipimo ndani ya beseni kikiwa kinawaka, nikakimbilia bodaboda.

Niliingia nyumbani taa zikiwashwa. Mama Akongo alikuwa amempakata Acom mlangoni. Mtoto alikuwa analia, lakini sauti haikutoka. Mdomo wazi, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na kimya. Nikamchukua. Nikambusu shavu.

Machozi yalikuwa hayana ladha.

Nikalamba tena. Hayakuwa na ladha yoyote. Katika mkoba nilikuwa na kipimo kingine, kile kidogo cha akiba kinachotosheka na matone matatu.  Nikayakinga machozi ya mwanangu kwa kipimo cha kazini, mama mkwe akinitazama.

Machozi ya mtu yangepaswa kuifikisha mashine ile mwisho wa namba zake.

Kioo kikaandika tatu.

"Hiyo nasoma nini?" Mama Akongo akanong'ona.

Nikakifuta kipimo, nikakirudisha mkobani. Alfajiri Acom akapatwa na degedege.

Hospitalini walimtoa damu, wakamtundikia dripu. Daktari alikuwa kijana, jina lake Emmy, na alizungumza kwa upole kuliko nilivyostahili. Akasema chumvi ya mwili imeshuka mno, ubongo umevimba maji, ndiyo sababu ya degedege. Asipozinduka kufikia usiku watampeleka hospitali kubwa ya Mbale. Nikamuuliza kama machozi ya mtu yanaweza kukosa chumvi kabisa. Akanitazama, akasema hapana, haiwezekani, mama umechoka.

Kisha akauliza.

"Alikuwa anakunywa nini?"

Nesi alikuwa ameshika kalamu. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza nyuso. Mama Akongo alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akiishika shuka ya mtoto kwa mikono miwili.

"Mimi nashinda kazini," nikasema. "Muulizeni bibi yake. Yeye ndiye anampa vitu vyake."

Nilisema hivyo. Sikuteleza ulimi. Niliyachagua maneno, na niliyachagua vizuri, maana nesi aligeuka akamtazama yule mzee kuanzia miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwani, akaandika.

Mama Akongo hakubisha. Alinitazama tu. Angenitukana ningepata nafuu.

Siku nzima mtoto hakufungua macho. Saa kumi na mbili jioni Mama Akongo alinishika mkono, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Nipeleke kwa hiyo chungu," akasema.

Tulifika stoo jua likizama nyuma ya mwamba wa Tororo. Ofwono hakuwa anakula chochote. Alikuwa amehamisha kiti chake ng'ambo ya barabara.

"Tangu jana hajatoka," akasema. "Mi siingii huko."

Nikafungua kufuli. Umeme ulikuwa umekatika. Harufu ya jivu ilitupokea mlangoni, nzito, mpaka macho yakaniwasha. Na sauti.

Tii...

Tii...

Tii...

Nikawasha tochi ya simu. Chungu hakikuwa ndani ya beseni nilimokiacha. Kilikuwa kimetegwa juu yake, kimekalia vipande viwili vya mti, namna wanavyokitega wanaochuja. Kilikuwa kinachuruzika kwa matundu yote. Ndani yake hatukuwa tumetia maji.

Nyuma yake kulikuwa na mwanamke amechuchumaa, ametupa mgongo.

Simu ilizimika. Sikuizima mimi. Uliobaki ulikuwa mwanga mdogo wa kipimo ndani ya beseni, wa kijani, na katika mwanga ule niliona mikono yake tu. Ilikuwa nyeupe mpaka viwiko, imepasukapasuka, na chumvi imeota manyoya kwenye mipasuko.

"Nani ameniosha?"

Sauti ilikuwa ndogo. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imekauka.

Miaka miwili nilikuwa nikilitamani swali lile. Katika kila karatasi ya stoo ile, mahali palipoandikwa "kimeoshwa na", nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi kubwa ili asije mtu akalisahau. Sasa nilikuwa nimeulizwa, na nikajua kabisa kwamba jibu ni neno moja, na kwamba mwanangu amelala kule anasubiri nilitamke.

Mdomo wangu haukufunguka.

"Nani... ameniosha?"

"Ni mimi," akasema Mama Akongo.

Tii... Tii...

"Jina."

"Akongo. Binti ya Edeku. Mama yangu alichuja chumvi huko mtoni, alirudisha konzi kila siku. Mimi ndiyo niliacha." Akasogea mbele ya beseni. "Mtoto hakuosha. Mtoto anajua nini? Mwachie mtoto."

 Nilisikia magoti ya yule mzee yakigusa saruji.

"Mkono."

Akautoa. Nilimwona akikunja mkono wa gauni, taratibu, mara tatu, kama anayetaka kuosha vyombo. Akautia kwenye beseni. Ile mikono myeupe ikaushika juu ya kiwiko, ikaukamua.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno.

Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Ndicho kitu pekee nilichokuwa naweza kukitazama, na nilikitazama kwa sababu ndiyo kazi yangu. Elfu moja na mia mbili. Elfu moja na mia nane. Elfu mbili mia tano. Elfu nne. Zilikwenda haraka kuliko jicho, halafu zikapita mwisho wa mashine, kioo kikabaki na mstari mmoja tu.

Chungu kiliacha kuchuruzika.

Yule mwanamke akasimama. Alipita karibu nami kuelekea ukutani, na alipofika usawa wangu akasimama tena. Akaishika mikono yangu. Akaiinua mpaka usoni kwake, pale ambapo sikuona uso.

Akanusa viganja vyangu.

Nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya hospitali, mara mbili. Sijui alinusa nini. Alitoa pumzi kidogo puani, ya mtu anayetaka kucheka au mtu aliyechoka, akaniachia. Kisha umeme ukarudi.

Mama Akongo alikuwa amekaa sakafuni, mkono ndani ya beseni, ngozi ya mkono ule imekunjamana yote. Chungu kilikuwa ndani ya maji, mahali pake. Ukutani kulikuwa na unyevu wa kimo cha mtu, ukikauka tukiutazama.

"Twende kwa mtoto," akasema.

Acom alikuwa ameamka. Tulimsikia kutoka koridoni, analia kwa sauti ya kukasirika, analitaka titi. Nilimnyanyua nikamlamba machozi mbele ya watu wote, wakaniona nimerukwa na akili. Yalikuwa na chumvi. Daktari Emmy akasema dripu imefanya kazi. Nesi naye akasema dripu. Huenda ni dripu. Nimeshasoma vitabu vyao baadaye, na vinasema wazi kwamba mtoto anayehara akinyweshwa maji matupu siku tano anaweza kufikia pale alipofikia mwanangu. Kwa hiyo ugonjwa naujua. Mstari wa matone ulioishia ukutani ndio sijaukuta kwenye kitabu chochote.

Mama Akongo hakuwa sawa tena. Chakula kikawa hakina ladha kwake. Alikuwa akisimama katikati ya uwanja akisahau alikokuwa anakwenda. Miguu ilimkaza usiku mpaka analia. Nilimwambia twende hospitali wamwongezee dripu kama ya Acom. Akakataa.

"Wakinirudishia mimi hiyo chumvi," akasema, "nani atalipa ya mtoto?"

Na yale niliyoyasema hospitalini hayakubaki hospitalini. Kufikia Jumatatu Mukuju nzima ilikuwa inajua kwamba Akongo alimpa mjukuu wake dawa za kichawi, akataka kumla. Wanawake waliwavuta watoto wao pembeni alipopita. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Asubuhi moja tulikuta matawi ya miiba yamerundikwa mlangoni kwake. Yeye ndiye aliyeyaondoa, kwa ule mkono mbovu, nami nilikuwa ndani nikimnyonyesha Acom nikamsikiliza akiyaburuta.

Jumatatu ile ile maonyesho yalifunguliwa. Chungu kilikauka vizuri ajabu, hakikuota hata unyoya mmoja wa chumvi. Laban alinipa mkono mbele ya wageni, akanipa na ufunguo wa pili wa stoo. Kadi ilikuwa pale, imeandikwa: Kimeoshwa na Provia Ikiring. Watu walipotoka kunywa soda niliikwangua kwa wembe. Laban alipoiona akanicheka. "Wee Provia, acha unyenyekevu," akasema.

Okwi alirudi kutoka Juba baada ya wiki moja. Majirani walikuwa wameshampigia simu njia nzima. Hakukaa hata chini. Aliniuliza mbele ya mama yake.

"Ni kweli alimpa mtoto kitu?"

Mama Akongo alikuwa kwenye kigoda. Akanitazama, akatikisa kichwa. Kidogo sana. Nilijiambia ananikataza nisiseme kweli, kwa ajili ya Acom, kwa sababu deni lile amelichukua kwa jina lake na halipaswi kufunguliwa tena. Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Lakini mtu hutikisa kichwa pia akiwa amekata tamaa na wewe.

"Sijui," nikamwambia mume wangu. "Mimi nilikuwa kazini."

Akampakia mama yake kwenye bodaboda jioni ile, akamrudisha Lumino kwao, kwa kaka yake. Aliishi siku kumi na tisa. Hakuzikwa Mukuju kando ya mume wake, maana wazee wa ukoo walikataa. Walimzika Lumino pembeni ya shamba la mihogo, tukiwa watu tisa, na mchungaji alisoma haraka haraka. Okwi hakulia. Alikuwa ameambiwa hapaswi kumlilia.

Acom ana miaka minne sasa. Ni mnene, mkorofi, ana maswali. Juzi alirudi kutoka kucheza kwa jirani, akapanda mapajani pangu. Jua lilikuwa limeshazama na mlango ulikuwa wazi.

"Mama," akasema, "ni kweli Tata alitaka kuniua?"

Jibu ninalo. Nimeliandika hapa, lote, na kuandika hakutoi sauti. Ila sijawahi kulitamka kwa mdomo, hata chumbani peke yangu, hata kanisani. Naogopa yule aliyeuliza bado anasikiliza. Naogopa akisikia kwamba alilipwa na mtu asiye mdaiwa, atarudi kuanza upya, na nimempakata mtoto. Na naogopa pia macho ya binti yangu akijua. Nimejaribu kuzitenganisha hofu hizo mbili nijue ipi ndiyo inanifunga mdomo, nimeshindwa.

"Mama? Ni kweli?"

Nikautazama mlango.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alitaka."

Acom alifikiri kidogo, akicheza na kifungo cha blauzi yangu.

"Basi simpendi," akasema, akateremka, akarudi nje kucheza.